Sikio Moja

Waja leo waondoka leo, ndivyo Tanga inavyojinadi,
lakini tangu saa mbili asubuhi ndege ya viti kumi na viwili
imekaa chini ya dirisha langu
kama kuku aliyeatamia mayai viza,
na mimi, Mbaruku Shekiondo, mwongoza ndege,
ndiye niliyeiambia: bado.

Neno langu ni hilo. Bado.
Nalisema kwa sauti waliyonifundisha chuoni,
isiyopanda wala kushuka,
sauti ya mtu anayesoma bei ya unga.

Nje hakuna wingu. Usambara inaonekana hadi mikunjo yake,
soksi ya upepo imening'inia kama soksi kweli.
Mwanangu angeniuliza, baba, foleni iko wapi?
Iko Dar, mwanangu. Iko kwenye kiti kimoja
ambacho juzi kilikuwa viwili.
Tausi amejifungua, Kapinga yuko kozini,
Mzee Lyatuu alistaafu na nafasi yake
imetangazwa mara tatu, imefungwa mara tatu.
Basi wameunganisha meza, Pemba hadi Mafia,
chini ya hedifoni ya mtu mmoja,
naye ananiambia kwa upole unaotisha:
Tanga, siwezi kuipokea. Ninazo kumi na moja.

Simlaumu. Nasikia anavyomeza mate.
Mbingu ni pana, jamani, sikio ndilo jembamba.
Ndege mia zaweza kupita juu yetu zisigusane mbawa;
sauti kumi na mbili hazipiti tundu moja kwa pamoja.

Kwenye benchi la abiria, upande wenye kivuli,
ameketi Bi Mwanamgeni wa Barabara ya Kumi na Tano,
fundi anayenishonea sare.
Dada yake amefariki Chake Chake alfajiri.
Mazishi baada ya adhuhuri.
Kutoka hapa ni dakika ishirini na tano,
chai haijapoa umeshafika.
Anatazama juu. Wote hutazama juu,
kana kwamba sababu iko huko.

Saa nne. Bado.
Saa tano na nusu rubani akaacha lugha ya kazi:
Mgosi, kuna mama hapa ana msiba.
Najua, nilitaka kusema. Namjua. Anajua kipimo cha mabega yangu.
Nikabonyeza kitufe, nikasema: subiri hapo ulipo.
Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo,
na anayesema bado, je, yeye tumwiteje?

Saa saba kasoro dakika nane Dar ikaita:
Tanga, nipe yako.
Nikaiachia. Ikakimbia, ikainuka juu ya mkonge,
ikakata kona kuelekea baharini, ikawa nukta, ikawa sauti tu.
Alikuwa amepanda, viatu mkononi, sijui kwa nini.
Msikiti wa jirani ulikuwa umeshatoa salamu.

Kwenye fomu kuna safu ya sababu.
Niliandika: uwezo wa anga.
Nikakata. Anga ina uwezo, anga haijamkatalia mtu.
Nikaandika tena yale yale, kwa kuwa
hakuna safu ya kiti kitupu.
Muda: dakika mia mbili tisini na mbili.
Madhara: hakuna.

Jioni, nyumbani Chumbageni, mke wangu akasema nipe chumvi.
Chumvi, nimekupata, nikamjibu,
nikabaki na kikopo mkononi
mpaka mtoto akacheka.

Kifungo cha pili cha shati langu kimelegea.
Nilikizungusha kutwa, uzi umebaki mmoja.
Akirudi nitampelekea, yeye hutoza mia tano,
akiwa na haraka hachukui kitu.
Atakishona, atakata uzi kwa meno,
ataniambia kazi njema, mwanangu.
Hataniuliza lolote.
Afadhali angeniuliza.